Mikebe Mitano ya Rangi

Elimu ya rangi huingia kwa mkono kabla haijaingia kichwani. Mwanafunzi anaweza kukariri kwamba njano na bluu huzaa kijani, akajibu mtihani bila kosa, na bado asiijue rangi. Ataanza kuijua siku atakapochota kidogo katika mkebe huu na kidogo katika ule, akoroge juu ya kipande cha ubao, kisha aone kijani alichokitarajia kiwe cha jani bichi kimetoka kizito, kimefifia, kinafanana na maji ya dimbwi. Hapo ndipo swali la kweli linapozuka: kwa nini?

Baraka, mji wa eneo la Fizi ulioko ukingoni mwa Ziwa Tanganyika katika Kivu ya Kusini, Kongo, ni mahali pazuri pa kulifuatia swali hilo. Kazi ya burashi iko wazi kwa kila mpita njia: majina ubavuni mwa boti, vibao vya vinyozi na maduka ya dawa, kuta za shule na makanisa. Bidhaa za dukani hufika kwa maji au kwa barabara ya Uvira, na mkebe wa rangi ni mzigo mzito wenye bei yake. Fundi hana sababu ya kurundika mikebe ishirini. Mitano yamtosha: nyeupe, nyeusi, nyekundu, njano na bluu. Katika elimu ya rangi uchache huo una faida kubwa. Aliye na boksi la rangi ishirini na nne zilizokwisha kuchanganywa kiwandani huchagua tu. Mwenye mikebe mitano hulazimika kujua.

La kwanza kujua ni kwamba rangi yenyewe ni mwanga. Mwaka 1666 Isaac Newton alipitisha mwanga wa jua katika kipande cha kioo chenye pembe tatu, na mwanga ule mweupe ukatawanyika ukawa nyekundu, machungwa, njano, kijani, bluu na zambarau. Kitu huonekana kwa fungu la mwanga kinalolirudisha, mengine huyameza. Ziwa lafundisha jambo hili kila siku ya jua. Maji humeza nyekundu kwanza. Penye kina kifupi juu ya mchanga, ambapo mwanga haukusafiri sana ndani ya maji, ziwa huwa la kijani chepesi. Ng'ambo ya rasi ya Ubwari maji hukolea, na huko kwenye kina kirefu zaidi kinachobaki cha kurudi machoni ni bluu iliyoiva.

Chembe za unga zilizomo katika rangi ya mkebe hufanya kazi hiyohiyo. Njano humeza bluu na zambarau. Bluu humeza nyekundu, machungwa na sehemu kubwa ya njano. Zikikorogwa pamoja, kila moja huendelea kumeza fungu lake, na mwanga unaosalimika kwa zote mbili ni kijani. Kuchanganya rangi, basi, ni kupunguza mwanga, na kila mkebe unaoongezwa hupunguza zaidi. Ndiyo maana mchanganyiko wa rangi nyingi mno huishia kuwa tope. Mwanga ukichanganywa na mwanga mambo hugeuka. Katika kioo cha simu, vinukta vyekundu na vya kijani vikiwaka pamoja jicho huona njano. Mjerumani Hermann von Helmholtz ndiye aliyeitenganisha waziwazi michanganyiko hii miwili, mwaka 1852. Mpaka leo vitabu vingi vya shule huichanganya tena, na mwanafunzi huachwa akidhani kwamba mwalimu wa fizikia na mwalimu wa uchoraji hawasemi kitu kimoja.

Zoezi la kwanza halitumii ila nyeupe na nyeusi. Ubao huchorwa vyumba tisa kwa mstari mmoja. Cha mwanzo hupakwa nyeupe pe, cha mwisho nyeusi tii, na saba vya katikati hujazwa kijivu kinachoshuka ngazi kwa ngazi, tofauti ya kila ngazi na jirani yake iwe sawa. Zoezi linaonekana la kitoto mpaka lijaribiwe. Nyeusi ina nguvu kupita kiasi. Anayetafuta kijivu cha katikati kwa kuchanganya nusu kwa nusu hupata kitu kilicho karibu kabisa na weusi, kwa sababu jicho halihesabu kama kijiko. Kijivu cha katikati kwa jicho huhitaji nyeupe nyingi na nyeusi ya ncha ya burashi tu, na hizo ncha za burashi lazima ziongezwe moja moja. Mwenye pupa humaliza mkebe mzima wa nyeupe akiwa bado anarudisha kosa la tone moja.

Faida ya zoezi hili huonekana kwenye kibao cha muuza samaki. Ndagala ang'aaye kama fedha hana rangi ya fedha katika picha. Hutengenezwa kwa vijivu: mgongo wa kijivu kizito chenye bluu kidogo, ubavu wa kijivu chepesi, tumbo karibu na nyeupe, na mstari mmoja mwembamba wa nyeupe tupu uliovutwa kutoka kwenye shavu hadi mkiani kwa pumzi moja. Mstari huo ndio unaomwangaza samaki mzima. Ukiwa mpana, samaki hugeuka kijiti kilichopakwa chokaa. Ukiwekwa juu ya ubavu uliokwisha kuwa mweupe, hauonekani kabisa. Mng'ao hutoka katika tofauti ya ngazi, na anayetumia rangi ya fedha ya dukani huikosa tofauti hiyo, samaki wake akabaki bapa.

Mmarekani Albert Munsell, aliyechapisha mfumo wake mwaka 1905, alipanga rangi zote kwa vipimo vitatu: jinsi ya rangi, yaani kama ni nyekundu au kijani, wepesi au uzito wake, na kukolea kwake. Vyumba tisa vya kijivu hufundisha kipimo cha pili peke yake, kikiwa kimetengwa na vingine. Huo ndio utaratibu mzuri wa kufundisha, kwa kuwa anayeanza hudanganywa na nyekundu: huiona kali akadhani ni nyepesi, kumbe katika ngazi za kijivu nyekundu nyingi za mkebe huangukia upande wa giza.

Zoezi la pili huleta rangi zenyewe. Duara hugawanywa vipande kumi na viwili. Nyekundu, njano na bluu huwekwa kwa nafasi sawa, na kati yao hujazwa michanganyiko. Kanuni ya mkono ni moja: anza na rangi nyepesi, ongeza iliyo nzito. Kijani huanzia kwenye njano, na bluu huingia kwa tone. Anayeanzia kwenye bluu atamwaga njano mpaka achoke. Bluu nyingi za leo za viwandani, hasa zile za jamii ya ftalosianini zilizoingia sokoni katika miaka ya 1930, zina nguvu ya kutisha. Kidogo kilichosalia katika burashi isiyosafishwa vizuri chatosha kuharibu njano yote.

Katika zoezi hili mwanafunzi hukutana na jambo la ajabu: njano na nyeusi, bila bluu hata tone, hutoa kijani. Ni kijani cha zeituni, kizito na kitulivu. Nyeusi ya masizi, ikipunguzwa, huwa na ubaridi unaoelekea bluu, na njano huufichua. Kwa michikichi iliyozagaa pwani ya Fizi kijani hiki ni hazina. Makuti yaliyokomaa ya mchikichi yaliyo kivulini hayana ukijani wa bendera. Yana ukijani huu wa njano na nyeusi, huku makuti machanga ya katikati, yanayopenywa na jua, yakihitaji njano na bluu. Mchoraji anayetumia kijani kimoja kwa mti mzima huchora ua la plastiki.

Kisha huja zambarau, na hapo wengi hukata tamaa. Nyekundu na bluu huchanganywa, na kinachotoka ni kahawia iliyooza au rangi ya damu iliyokauka. Kosa haliko katika mkono. Nyekundu ya kawaida ya mkebe huelekea machungwa, yaani ina njano ndani yake, na njano hiyo humeza zambarau kabla haijazaliwa. Nyekundu ya oksidi ya chuma, ile ya mabati na milango, ndiyo mbaya zaidi kwa kazi hii. Zambarau safi hudai nyekundu inayoelekea waridi. Jacob Christoph Le Blon, aliyechapa picha kwa sahani tatu za nyekundu, njano na bluu mwanzoni mwa karne ya 18, alikwisha kukumbana na ugumu wa kupata rangi safi za kutosha. Na wachapaji wa leo hawatumii nyekundu wala bluu ya kawaida. Hutumia bluu inayoelekea kijani, waridi kali, njano, na nyeusi ya kuimarisha vivuli. Kwa fundi wa mikebe mitano somo ni hili: hakuna mkebe ulio rangi tupu. Kila nyekundu ina upande inakoegemea, na kujua upande huo ni nusu ya kazi. Upande wenyewe hupimwa kwa urahisi, kwa kuipaka rangi nyembamba sana juu ya nyeupe, au kuichanganya na nyeupe nyingi. Ikipunguzwa hivyo, siri yake hutoka.

Rangi zinazokabiliana katika duara huuana: nyekundu na kijani, bluu na machungwa, njano na zambarau. Zoezi la tatu hutumia mauaji hayo kwa manufaa. Fundi asiyefundishwa, akitaka kivuli cha ubao mwekundu wa boti, huongeza nyeusi, na nyekundu hufa ikawa ya masizi. Aliyefundishwa huongeza kijani kidogo. Nyekundu hushuka ngazi, hupungua kukolea, lakini hubaki hai. Kahawia zote za Fizi hupatikana kwa njia hiyo. Udongo wa vilimani ni machungwa yaliyopozwa kwa bluu kidogo. Mbao kuukuu zilizopigwa na jua na maji ni mchanganyiko huohuo ukizidishiwa bluu na nyeupe. Mawese mabichi ni zoezi gumu zaidi na zuri zaidi, maana wekundu wake wa machungwa unapenyeza mwanga; ukitiwa nyeupe hata kidogo hugeuka maziwa ya waridi. Dawa yake ni kupaka njano kwanza, kuiacha ikauke kabisa, kisha kupitisha juu yake nyekundu iliyotiwa tina mpaka iwe nyembamba kama chai. Mwanga hupita katika nyekundu, hugonga njano, hurudi, na mawese huonekana yana kina.

Ngozi ya binadamu nayo ni somo la rangi zinazokabiliana. Kichwa cha kijana kwenye kibao cha kinyozi hakichorwi kwa kahawia moja iliyotiwa nyeusi upande mmoja na nyeupe upande wa pili. Nyeupe tupu juu ya ngozi nyeusi hutoa majivu. Paji la uso linaloitazama mbingu hubeba bluu yake, kwa hiyo mng'ao wake ni samawati iliyofifia. Upande wa kivuli unaotazama ardhi nyekundu hupokea machungwa kutoka chini. Mchoraji anayelijua hili humpa mteja wake uso unaovutia kutoka ng'ambo ya barabara, kwa mikebe ileile mitano.

Bluu ina kazi nyingine ya kale majumbani. Bulu ya kufulia ikitiwa kidogo katika chokaa, ukuta huonekana mweupe zaidi kuliko chokaa tupu. Chokaa ina umanjano mdogo. Bluu huumeza umanjano huo, na jicho hukubali kupoteza mwanga kidogo ili lipate weupe usioegemea popote. Bulu ya kufulia ya zamani ilikuwa ultramarini ya kiwandani, iliyovumbuliwa Ufaransa na Jean-Baptiste Guimet, aliyetunukiwa tuzo kwa kazi hiyo mwaka 1828. Kabla yake rangi hiyo ilisagwa kutoka katika jiwe la thamani la Afghanistan. Ultramarini huvumilia ukali wa chokaa. Bluu ya Prussia haivumilii: ikitiwa katika chokaa huharibika ikawa kahawia. Kwa kuta za chokaa, udongo mwekundu na udongo wa njano ni salama, kwani rangi zake hutoka katika chuma kilichokwisha kushika kutu, na chuma hicho hakiogopi chokaa wala jua.

Zoezi la nne halichanganyi kitu katika mkebe. Mchanganyiko hutokea jichoni. Vipande viwili vya kijivu kilekile, vilivyotoka katika mkorogo mmoja, huwekwa kimoja juu ya ubao mwekundu na kingine juu ya ubao wa bluu. Cha kwanza huonekana kina ukijani, cha pili kina umachungwa. Michel-Eugène Chevreul alilichunguza jambo hili akiwa msimamizi wa utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi nyeusi za kiwanda zimefifia. Alizipima, akaona nyuzi hazina kasoro. Zilipoozwa na rangi zilizofumwa kando yake. Kitabu chake kilitoka mwaka 1839, na kila mwenye kutengeneza kibao anakihitaji, hata asipokisoma. Bendera ya Kongo iliyopitishwa mwaka 2006 ni mfano mzuri wa kujifunzia. Mstari mwekundu unakatiza samawati, na rangi hizo mbili zikigusana ukingo wake hutikisika machoni. Vistari viwili vya njano huzitenga, na nyekundu hutulia. Anayeipaka bendera hiyo ubavuni mwa boti akaziacha njano zikawa nyembamba mno huurudisha mtikisiko ule.

Wachongaji wa Kibembe, wenyeji wa Fizi, walikuwa wamefika mbali katika elimu hii wakiwa na rangi chache kuliko mikebe mitano. Kinyago cha alunga, kinachovaliwa kama kofia na chenye nyuso mbili, hubeba macho makubwa yaliyozungushiwa weupe wa udongo juu ya mti uliotiwa weusi. Weupe ule ungekuwa wa kawaida ukutani. Ukizungukwa na weusi huwaka, na macho huonekana makubwa kuliko yalivyochongwa. Hiyo ndiyo kanuni ya Chevreul, ikiwa imetimizwa kwa udongo na masizi.

Uchache wa mikebe umezaa michoro iliyovuka mipaka. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za mafuta za kupakia baiskeli, juu ya vipande vya ubao laini vya kujengea. Alifariki mwaka 1972, na mtindo wake ukaendelea kuitwa kwa jina lake. Elisabethville, Lubumbashi ya leo, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana ya wachoraji mwaka 1946. Humo Bela alichora kwa ncha za vidole, nukta kando ya nukta. Mwenze Kibwanga alijaza miili ya watu na wanyama kwa vistari vifupi vinavyofuatana. Nukta na vistari hivyo ni kuchanganya rangi bila kuzikoroga: zikitazamwa kwa mbali huungana jichoni, na kwa kuwa hazikumezana katika mkebe, mwanga wake haupotei. Katika mji huohuo Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Zaire, Kongo ya leo, katika picha zipatazo mia moja, miaka ya 1973 na 1974, akizieleza kwa Kiswahili kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Ukitazama mbingu zake, zinazotoka bluu juu na kufifia kuwa njano karibu na upeo, utamwona mtu aliyejua thamani ya kila tone.

Zoezi la mwisho ni la subira. Rangi mbichi si rangi kavu. Rangi ya maji ikikauka huwa nzito kidogo kuliko ilivyoonekana kwenye burashi. Chokaa yenye udongo hufanya kinyume kabisa: ikiwa mbichi ni nyekundu iliyoiva, ikikauka hupauka ikawa ya waridi hafifu, na aliyekadiria kwa macho akiwa bado ameshika ndoo hulazimika kurudia ukuta mzima. Rangi ya mafuta hubadilika kidogo tu. Kwa sababu hiyo kila mchanganyiko hupakwa kwanza kwenye kipande cha ubao, hukaushwa, hutazamwa nje, na vipimo vyake huandikwa kwa nyuma: vijiko vingapi vya hii, matone mangapi ya ile. Unaposhikwa mkononi, ubao utazamwe asubuhi, jua likitokea upande wa ziwa, na utazamwe tena jioni, jua likiwa limekwisha kushuka nyuma ya milima, kwa maana mwanga wa jioni hupunguza nguvu ya nyekundu kwanza na kuiacha bluu ikitamba.

Ubao huo hufunikwa nusu, na nusu ya pili huachwa juani kiangazi kizima, kuanzia Juni hadi Septemba. Nyekundu nyingi za bei nafuu huchujuka, njano kadhaa hufuata, na kijani kilichotengenezwa kwa njano hizo hugeuka bluu. Nyeusi ya masizi na nyekundu ya kutu ya chuma hubaki. Mwenye boti anayeuliza jina la chombo chake litasomeka kwa muda gani anastahili kuonyeshwa ubao huo kabla hajalipa.